Aliyepumzika Badala ya Sabra

Kaeni chini, na mwenye chungu jikoni akakiepue kwanza, maana habari za Sabra zikianza, vyungu huungua na hakuna anayesikia harufu.

Sabra alikuwa mwanamke wa kitongoji cha juu ya Soni, mke wa Shabani, mtu wa kabichi, karoti na mapeasi. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Alikula amesimama. Alinyonyesha huku anapalilia. Kigoda alichopewa siku ya harusi kilikaa ukutani bila kukaliwa mpaka kikaota uyoga, na uyoga wenyewe akauchuma akaupeleka sokoni. Alipokuwa akishuka na tenga la kabichi kichwani, mlima uliinama kidogo upande wake ili asichelewe. Wanaume waliwaambia wake zao, "Mtazame mwenzio yule." Hakuna aliyemuuliza mwenyewe kama anapenda.

Hakupenda. Kitu kimoja tu alichokitaka Sabra hapa duniani kilikuwa kukaa. Si kulala kwa homa, wala kukaa matanga. Kukaa tu, juu ya kitu laini, mikono mapajani, juma zima, bila mtu kuita jina lake. Hamu hiyo aliificha kama wengine wanavyoficha ugoro kwenye upindo wa kanga.

Miaka ile ndiyo soko huria lilikuwa linapanda milimani. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine kama ng'ombe wa marehemu, na kila gulio lilileta kitu ambacho kwenye gulio lililopita hakikuwepo. Yalikuja mashati ya mitumba yenye majina ya watu wa Ulaya mgongoni. Yalikuja maji ya chupa, na watu wa Soni, ambao maporomoko yanawapigia kelele usiku na mchana, waliyacheka maji yale mpaka muuzaji akaona haya akayanywa mwenyewe.

Ijumaa moja wakaja kijana mwenye tai na binti wa benki, wakasimamisha mwavuli mkubwa pembeni ya wauza viazi. Kijana alikuwa anauza wiki. Siku saba nzima, mtu anunue aondoke nazo.

"Nyumba iko Magamba, ukingoni mwa msitu," alisema. "Aliijenga Mjerumani, ikaja kuwa ya shirika, sasa ni ya kampuni yetu. Nyumba yenyewe hatuiuzi, mama zangu. Tunauza zamu. Mwaka una wiki zake, kila mtu ananunua ya kwake. Ikifika unakuja, kitanda kimetandikwa, moto umewashwa. Ikiisha unampisha mwenzako. Mwakani unarudi. Hivyo hivyo mpaka ufe, na ukifa, wanao."

"Na nikifia kwenye wiki ya mwenzangu?" aliuliza Yudith, jirani yake Sabra, Mlutheri mwenye ulimi usiojua kupumzika. "Nani atanizika, mimi au yeye?"

Watu wakacheka. Sabra hakucheka. Wengine pale walikuwa wanahangaika kuelewa nyumba ya watu wengi wasiojuana, lakini yeye aliielewa mara moja, kwa sababu ya mfereji. Kule kwao maji ya mfereji ni ya wote na si ya mtu. Leo yanaingia shambani kwako, kesho kwa jirani, kila mtu na zamu yake. Mwenye zamu asipoweza kwenda kumwagilia, haachi maji yapite bure. Husimama penye mlango wa maji akatamka, "Zamu yangu atumie aliyepo," na aliye chini yake akazungusha bonge la udongo, maji yakaingia kwake. Zamu ukishaitoa kwa kinywa chako, hairudi kwa maneno. Inarudi siku utakayokwenda mwenyewe na jembe lako, ukafunga.

Bei ya ile wiki ilikuwa bei ya kumfanya mtu akohoe. Hapo ndipo binti wa benki alipotoa kadi, nyembamba kama ukucha, inayong'aa.

"Hii inakulipia leo, mama. Wewe unairudishia polepole. Na miezi sita ya kwanza ni bila riba."

Sabra alikuwa binti wa mtu aliyewahi kurudisha mbuzi kwa sababu mwenye mbuzi alimwongezea debe la mahindi na hakueleza la nini. Riba nyumbani kwao haikutajwa hata kwa mzaha. Maalimu wa msikiti alikuwa hapo hapo jirani, anachagua soksi za mitumba. Sabra akamwendea na kumuuliza.

"Kisichokuwa na riba hakina neno," alisema maalimu, akanyoosha soksi aone kama ina tundu.

"Na baada ya miezi sita?" aliuliza Yudith.

"Baada ya miezi sita atakuwa amemaliza," alisema binti wa benki, akatabasamu. Sabra akapaka wino kwenye dole gumba, akalikandamiza pale alipoonyeshwa.

Wiki yake ikaangukia mwezi wa pili, katikati ya mapeasi. Nani anaacha mapeasi mtini akakae? Dalali alishaleta lori, matenga yalikuwa hayajajaa, na lori la Dar es Salaam halimngoji mtu. Sabra akasema walau aende akaione nyumba asubuhi, arudi mchana.

Nyumba ilikuwa ya mawe, paa limeota kuvu, na msitu umesogea nyuma yake kama mtu anayesoma begani kwa mwenzake. Mtunzaji alikuwa mzee Hezekia, aliyekuwepo tangu enzi za shirika. Sabra akamwamkia shikamoo, mzee akapokea, akamfungulia. Ndani kulikuwa na kitanda cheupe, moto unawaka, na barazani kiti kirefu cha kulalia, chenye mto wa manyoya, kimeelekezwa bondeni.

Sabra akaketi ukingoni mwa kitanda. Kitanda kikampokea kama unga unavyopokea mkono. Akasikia mifupa yake ikishukuru mmoja mmoja. Moyo ukamwambia, kaa. Lakini miguu, ambayo haikuwahi kuulizwa, ilikuwa imeshasimama, maana mapeasi yalikuwa yanangoja.

Akafika mlangoni, akaona vibaya. Kitanda kimetandikwa, moto unaungua, juma zima lipite bure? Kwao hilo ni aibu kuliko kukopa chumvi usirudishe. Akageuka, akasema kama anavyosema mferejini:

"Zamu yangu atumie aliyepo."

Kule barazani kiti kirefu kikalia, kwa namna ambayo kiti hulia mtu anapojivuta nyuma akae vizuri.

"Upepo," alisema mzee Hezekia.

Upepo haukuwepo. Ukungu ulikuwa umesimama pale nje kama maziwa mgando.

"Mama," alisema tena mzee, kwa sauti ya chini, "neno hilo humu ndani hatulisemi. Hapa si mferejini."

"Kwani kuna mtu?"

"Hakuna."

"Sasa nimempa nani?"

Mzee alikwenda kufunga madirisha, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Mvua ya mwaka ule ilikula barabara ya kushukia Mombo. Lori lilikwama kwenye kona na mapeasi yakaoza ndani ya matenga, harufu yake ikalewesha nyuki bonde zima. Pesa ya kuilipa kadi ikaondoka na maji. Miezi sita ikaisha, riba ikaanza, na Sabra akangoja watu wa benki waje kumdai. Hawakuja. Akaona labda wamesahau, akashukuru kimoyomoyo, akaendelea na karoti zake.

Siku kwake hazikuwa na majina, zilikuwa na masoko. Akisikia akina mama wanapita alfajiri na vikapu, alijua ni Jumanne au Ijumaa, gulio la Soni. Basi asubuhi moja akaamka ni Jumanne, akajitwika karoti, akashuka. Alipofika kiwanjani akakuta mbuzi mmoja anatafuna karatasi na mtu anafagia. Hakuna muuza hata kitunguu.

Akapita kwa Yudith. "Mama Aron, gulio limehamia wapi?"

"Limehamia kesho, kama kawaida yake. Leo Alhamisi."

"Leo Jumanne."

"Jumanne nilikuja kukuita, mumeo akasema umelala. Nikamwambia, Sabra? Kalala? Nikaingia kukuchungulia kama watu wanavyochungulia maiti ya tajiri. Ulikuwa umelala kweli."

Sabra akarudi nyumbani na karoti zake zote. Shabani alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Alikuna kichwa.

"Nilikutikisa mpaka kitanda kikalegea misumari," alisema. "Nikakumwagia maji. Unapumua, lakini unapumua kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili. Nikasema moyoni, mke wangu amechoka miaka mingi, acha alale."

Ajabu ni kwamba hakuamka amepumzika. Mabega yalimuuma kama mtu aliyekanyagwa usiku kucha, na macho yalikuwa yamezama ndani. Wiki iliyofuata ikawa vile vile: alilala gulio likikaribia, akaamka limepita. Halafu tena. Siku zilikuwa zinang'oka katika maisha yake kama meno ya mtoto, na kila iliyong'oka ilimwacha amechoka zaidi.

Kisha Yudith akarudi kutoka Magamba, alikokwenda kumsalimia dada yake, amenuna. Hakubisha hodi.

"Mama Mwanamisi, nimekukosea nini?"

"Umenikosea lini?"

"Jumatano nimekukuta umejinyoosha kwenye kiti barazani pale kwenye nyumba yako ya zamu, mashavu yamejaa, unang'aa kama umepakwa mafuta ya nazi. Nikakusalimu, kimya. Nikasema labda ndiyo ukubwa umeanza. Lakini watoto wa dada yangu wakakupa shikamoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule mdogo asiyejua kuitamka. Hukupokea hata moja. Mama Mwanamisi, mtu haziachi shikamoo za watoto zianguke chini."

Shabani akainua uso kutoka kwenye mpini aliokuwa anauchonga. "Jumatano alikuwa hapa kitandani. Mimi nilikuwa namfukuzia nzi."

Yudith alimtazama Shabani, akamtazama Sabra, akavuta kanga yake mabegani. Siku hiyo aliondoka bila kutania, na Sabra aliogopa ukimya ule kuliko yote aliyoyasikia.

Mwezi ule ule Mwanamisi akapanda kutoka Mnazi, kule chini kwenye joto alikoolewa, tumbo limetangulia. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mzazi, ndivyo walivyozoea. Mwanamisi alikuwa mtoto wa pekee wa Sabra. Wengine wote waliomfuata walizikwa kabla ya kupewa majina, kwa sababu uchungu ulimshika Sabra shambani, peke yake, na hakuwepo wa kumshika mgongo. Alishaapa zamani kwamba mwanawe hatazaa bila mkono wa mamaye mgongoni.

"Mama," aliuliza Mwanamisi jioni ya kwanza, baada ya kuambiwa na babaye yale yanayoendelea, "nikikuita utaamka?"

"Nitaamka."

"Na usipoamka?"

Mtoto wa tumboni hasemi atakuja siku gani. Siku ya gulio unaweza kuilinda. Siku ya kuzaa huijui.

Akaacha kulala. Alipaka pilipili kwenye kope. Alijifunga kamba kwenye mgomba ili akisinzia mgomba umvute, lakini mgomba ndio uliosinzia. Mwisho akalala amesimama shambani, mikono juu ya mpini wa jembe. Kuku wakampandia mabegani wakadhani ni mti, jogoo akakaa kichwani, na mmoja akaatamia kwenye mkunjo wa kanga yake. Alipoamka vifaranga walikuwa wanalia kifuani, na Mwanamisi amekaa chini miguuni pake, macho yamevimba.

"Nilidhani umeniacha, mama," alisema. "Jana tumbo lilinikata. Nikakuita mpaka sauti ikakauka. Kumbe lilikuwa linatisha tu."

Kulipokucha Sabra akapanda basi, akashuka Tanga mjini kwenye ile benki. Nia yake ilikuwa kuirudisha kadi. Yule binti alimwona mlangoni, akatabasamu.

"Karibu tena, mama."

"Tena?"

"Si unakuja kila mwisho wa mwezi. Riba yako unalipa vizuri, hata meneja anakutolea mfano. Ila huongei."

"Ninalipa na nini?"

Tabasamu la binti likaondoka kidogo kidogo. Alifuta kiganja kwenye sketi yake, kama mtu aliyeshika kitu chenye unyevu. "Mimi napokea tu, mama. Nikigonga muhuri najisikia usingizi, basi."

Sabra akaweka kadi mezani. "Ifunge."

"Haifungwi na mmoja. Mpaka ukubaliane na mwenzako."

Ndipo Sabra alipoelewa, amesimama pale na jasho la Tanga linamtiririka. Zamu aliitoa yeye, kwa kinywa chake. Aliyepo aliipokea. Riba ilikuwa inalipwa, na ilikuwa inalipwa kwa siku zake.

Kesho yake asubuhi alimwacha Mwanamisi na Yudith, akachukua jembe begani, akapanda Magamba. Kadiri alivyopanda ndivyo ukungu ulivyomfuata, na ndege wa msituni walikuwa wanalia nyuma yake tu, mbele kimya. Mzee Hezekia alikuwa anafagia getini.

"Onga maundo," alimwamkia Kishambaa, kwa mazoea ya asubuhi. Kisha akageuka akatazama barazani, akamtazama tena Sabra. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mama, mimi nimekuacha kule kwenye kiti sasa hivi. Nimekupelekea blanketi."

"Uliyempa blanketi si mimi," alisema Sabra, akapita.

Yule mwingine alikuwa pale kitini, amejinyoosha, blanketi miguuni. Alikuwa na sura ya Sabra, ila sura ambayo Sabra hajawahi kuwa nayo. Shingo haikuwa na alama ya ngata wala ya mzigo. Mikono ilikuwa laini kama ya mtoto aliyezaliwa leo. Nywele zilikuwa nyeusi zote. Sabra akajikuta anaona haya kwa kanga yake iliyochanika, kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa.

"Umekuja kukaa?" aliuliza yule. Sauti ilikuwa ya Sabra, ila imelala vya kutosha.

"Nimekuja kufunga maji."

"Zamu ulinipa mwenyewe."

"Nilimpa aliyepo."

"Nilikuwepo."

Sabra akashusha jembe, akaliegemea. "Wewe ni nani?"

"Sikuwa mtu," alisema yule, bila haraka, kama anayehadithia ndoto. "Humu wamekuja wengi kupumzika wakaondoka kabla hawajapumzika vizuri. Mjerumani aliitwa vitani chai ikiwa mezani. Wakubwa wa shirika waliitwa Dar es Salaam wakiwa na kiatu kimoja mguuni. Kile walichokiacha hapa kitini ndicho mimi. Nilikuwa nangoja tu. Wewe ukanipa zamu, na zamu ikaja na sura yako. Ulinunua mapumziko, Sabra. Haya hapa, yanapumzika."

Msitu ulidondosha matone bila mvua. Sabra alipiga hesabu ya mtu wa mferejini.

"Sawa," alisema. "Lakini kwetu anayetumia maji ndiye anayesafisha mfereji. Umetumia siku zangu, basi inuka. Kabichi zinangoja palizi, kuni hazijapasuliwa, na binti yangu anangoja kuzaa. Jembe hili hapa. Wewe shika mpini, mimi nitashika tenga, tushuke wote."

Akamsogezea jembe. Yule akaitazama mikono yake laini, na kwa mara ya kwanza kitu fulani kikatikisika usoni mwake. Alirudi nyuma kwenye mto mpaka kiti kikalia.

"Kazi siiwezi. Sikununuliwa kwa kazi."

"Basi tugawe upya. Asiyesafisha hapewi maji yote, hata Mungu anajua."

"Unataka nini?"

"Siku. Kila siku inayokucha, kuanzia leo, ni yangu, nami nitakuwa macho ndani yake, mchana na usiku. Usinigusie hata moja."

"Na mimi nitakula nini? Na riba italipwa na nini?"

"Chukua usingizi," alisema Sabra. "Wote. Kulala kwangu, kukaa kwangu, kusinzia kwangu penye moto. Ule wa uzee pia, uliokuwa unaningoja."

Yule alimtazama kwa muda mrefu. "Hutalala tena."

"Nimesikia."

Sabra akashuka ngazi, akachimba bonge la udongo na majani yake, akalibeba kwa mikono miwili na kulipachika kizingitini, akaligonga kwa kisigino likae, kama mlango wa maji unavyogawa mkondo kuwili. Alipomaliza, yule alikuwa amesogea pembeni mwa kiti. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa kidogo kabla hujaenda," alisema, na sasa alisema kwa huruma hasa. "Ni mara ya mwisho. Kiti ni kikubwa."

Msidhani ilikuwa rahisi. Magoti ya Sabra yalianza kukunjika yenyewe. Mto ule wa manyoya ulikuwa na shimo lililolingana na kichwa chake, na bonde lote lilikuwa limefunguka chini, kijani juu ya kijani, hakuna anayeita. Alikuwa ametaka kitu hicho kimoja tangu akiwa msichana. Alinyoosha mkono, akagusa mto. Ulikuwa na joto.

Kisha akatoa mkono, akachukua jembe lake, akaondoka. Mzee Hezekia aligeuza uso ukutani mpaka alipopita.

Uchungu ulikuwa umemshika Mwanamisi tangu adhuhuri. Yudith alikuwa anakimbia uani huku na huku, anaomba Mungu na kutukana maji yasiyochemka, vyote kwa pumzi moja. Sabra aliingia, akaweka jembe mlangoni, akaweka mkono mgongoni mwa mwanawe pale panapouma. Hakuuondoa. Mwanamisi alimng'ata, alimsukuma, alimwambia maneno ambayo binti hamwambii mamaye, na mkono ulikuwa pale pale. Magharibi, adhana ikiwa inapanda kutoka bondeni, mtoto wa kike akatoka amekunja ngumi, akalia kama aliyeonewa.

"Huyu ana kelele," alisema Yudith, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Amenirithi mimi, sijui imekuwaje."

Watu walipokwisha kula, kila mmoja aliangukia alipokuwa. Shabani alilala na kijiko mkononi. Sabra naye akajilaza kwenye mkeka, akafumba macho, ili ajue tu. Kope zilishuka, lakini nyuma ya kope kulikuwa kweupe, kama alasiri. Akayafumbua. Akajaribu tena, hivyo hivyo. Mbali kabisa, juu Magamba, alihisi mtu anajigeuza upande wa pili na kujifunika vizuri.

Tangu hapo Sabra hajalala. Watu wa vitongoji vya jirani wanamjua hivyo, na wasioamini huja kumvizia, wakasinzia wao. Kabichi zake zinapaliliwa kwa mwanga wa mwezi. Akina mama wenye vichanga humletea watoto wao jua likizama, wakaenda kulala usingizi wa kukoroma, wakawachukua asubuhi wameshaogeshwa. Yule mjukuu wa kwanza sasa anasoma. Nyumba ya Magamba imeuzwa tena na tena, na wanaopita barabara ya juu husema mwanamke wa barazani anazidi kuwa kijana, na kwamba hawapeleki tena watoto kumwamkia.

Mwanamisi alipopanda safari hii, na mtoto mwingine mgongoni, alimkuta mamaye amesimama uani anachambua maharage, macho mekundu, shingo imeinama.

"Mama," alisema, "lala hata kidogo. Nitakaa mimi."

"Nitalala," alisema Sabra. "Tangulia wewe, umetoka mbali. Nipe huyo mtoto."

Akampokea, akamweka begani, akaanza kutembea naye uani, huku na huku.